Unga Mweupe wa Zozefina

Wanawake wa mtaa wa Mikelenge walibishana juu ya mipaka ya viwanja, juu ya kuku, juu ya wachungaji na mashehe, lakini juu ya unga wa Zozefina walinyamaza. Hapakuwa na unga mweupe kama ule Kindu nzima. Tena haukuwa na harufu. Unga wa wengine ukiusogeza puani unakurudisha bwawani muhogo ulikolala. Wa Zozefina ukiusogeza puani unapiga chafya, basi. Wake za wakubwa wa reli walituma watu kuufuata. Kwa hiyo siku mjukuu wake aliporudi, baada ya kupotea tangu vita ile ya kwanza, akaomba kikombe cha unga huo akaupime kama una sumu, kila mtu anaweza kujua mwenyewe alivyopokelewa.

Alikuja jua likiwa bado upande, pamoja na msichana mwenye mkoba begani. Zozefina alikuwa anatwanga. Alisikia kwanza vijiti viwili vikikwaruza uwanja aliokwisha kuufagia, kisha miguu ikiburutwa nyuma ya vijiti, vidole vikitangulia kugusa chini. Hakuinua macho. Mchi ulipanda, mchi ukashuka.

"Koko, jambo."

"Jambo. Unga imekwisha. Kuya kesho."

"Sikuje kununua, koko. Ni mimi, Bienfait."

Mchi ukabaki juu.

"Bienfait gani? Bienfait wangu alitoka hapa mugongoni mwa mama yake. Huyu ana ndevu."

"Njo ule ule. Ndevu zilinikutia njiani."

Zozefina aliushusha mchi taratibu, akajifuta mikono kwenye kitenge, akamzunguka yule kijana mara moja kama anavyozungukwa mbuzi sokoni. Miguu ilikuwa ile ile: magoti yamebanana, visigino havifiki chini. Uso ulikuwa wa marehemu Florentin, mume wake, hata sikio lililosimama kama la panya.

"Bwana yangu," akasema, maana kwao koko, yaani nyanya, humwita mjukuu wake mume, na mjukuu hana ruhusa ya kukasirika. "Umeniacha mjane wakati huu wote, halafu unarudi na vijiti viwili na bibi mudogo?"

Msichana akacheka akaficha mdomo. Bienfait akasema, "Huyu hapana bibi yangu. Anaitwa Sandrine, anatoka labo ya kupima chakula. Tunafanya kazi pamoja."

"Kazi gani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Bienfait akaieleza kazi yenyewe. Nyuma ya gare, stesheni ya treni, kwenye mabohari ya zamani ya reli, walikuwa wamejaa watu waliokimbia vita ya sasa huko Kivu. Watoto wawili wa pale walikuwa wamelala wazima wakaamka miguu imekaza. Hawakuwa na homa wala maumivu. Sandrine na wenzake walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kupima unga wa muhogo ambao watu wale wanakula. Na watu wale, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanakula unga wa Zozefina.

"Koko," akasema Sandrine, "muhogo wako unauloweka muda gani?"

"Usiku moja."

"Moja tu?"

"Ukiuacha siku tatu unanuka. Wewe mutoto wa labo unakula harufu?"

Sandrine akatoa mkobani kichupa cha plastiki na kijikaratasi cha manjano, manjano ya kifaranga. Akasema: unga kidogo unaingia humu na maji matone machache, karatasi inaning'inia juu yake, kifuniko kinafungwa mpaka kesho saa kama hii. Kama unga hauna sumu, karatasi inabaki manjano. Kama una sumu, sumu inapanda kama hewa, karatasi inageuka; ikizidi, inakuwa kahawia kama chai ya rangi.

Zozefina akamgeukia Bienfait. Utani ulikuwa umemwisha.

"Mama yako njo alikutuma."

"Hapana, koko."

"Gisèle njo alikutuma. Alinitukana mbele ya mji nikiwa na nguvu, sasa ananitafuta kwa karatasi nikiwa muzee."

"Mama hajui hata kama niko hapa."

Alisimama akikitazama kichupa. Moyo wake ulitaka kuwafukuza. Lakini kiburi chake, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimemlisha kuliko moyo, kilimwambia jambo jingine. Akaingiza kikombe ndani ya beseni, akakitoa kimejaa mpaka kinamwagika.

"Twaa. Pima. Lakini musikie wote wawili. Hiyo karatasi ikibaki manjano, Gisèle atatoka Kibombo, atasimama hapa uwanjani, watu wote wa barabara hii wakiwapo, aseme kwa mdomo wake: Zozefina si mulozi, harogi muntu."

Bienfait akaegemea vijiti vyake. "Na ikigeuka?"

"Haitageuka."

"Koko, usiuze mpaka kesho."

"Toka mbele yangu, bwana yangu. Unazuia jua."

*

Basi, kichupa kilifungwa, kikawekwa juu ya ubao wa dirisha ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu alikataa kiondoke machoni pake. Na tangu saa ile Zozefina hakukaa.

Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Aliinua kinu kutoka mlangoni akakipeleka nyuma ya nyumba, kisha akakirudisha mlangoni, kwa sababu kinu kile mahali pake ni mlangoni, na kila jirani alijua kwa nini. Alikwenda mpaka bandarini kutazama mitumbwi inayovuka kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, asinunue kitu, akarudi mbio kama aliyeacha chungu motoni. Karatasi ilikuwa manjano. Akatoka tena.

Salima, jirani yake Mwislamu, ambaye unga wake ulinuka bwawa mpaka mbuzi walikunja pua, alimwita juu ya ua kama dada mkubwa: "Yaya Zozefina, leo una mchwa miguuni?"

"Na wewe una bwawa jikoni."

"Mimi pia walinichukulia unga. Kichupa yangu iko kwao labo. Kesho tutaona mweupe na mweusi."

"Utaona, Salima. Kufa hufi, lakini utaona."

Zozefina hakuwa mtu wa Kindu kwa kuzaliwa. Alitoka Pangi akiwa bibi arusi, juu ya lori la mchele, akamkuta Florentin ana kofia ya reli na chumba kimoja. Shule aliifuata mpaka alipojua kuandika jina lake, akaiacha hapo. Kitu alichokuja nacho kutoka kwao kilikuwa kinu cha mti mgumu alichochongewa na baba yake, na kwa kinu hicho alimsomesha mwanawe Amuri, akamwoza Gisèle, binti wa Kibombo, mpole, mwenye sauti ndogo. Siku hizo alitwanga kama wengine wote: muhogo siku tatu majini, mpaka ulainike, ndipo uanikwe.

Halafu vita ikaifunga Kindu kama mlango. Askari mjini, wapiganaji wa Mai-Mai msituni, na raia katikati kama karanga kwenye jiwe. Kuvuka kwenda shambani Alunguli ilikuwa kucheza na roho. Waliokwenda walirudi na muhogo mchungu tu, kwa sababu mtamu ulikuwa umeliwa zamani na wenye bunduki. Mchungu mbichi wenye bunduki waliuogopa. Lakini hata huo, ukiuloweka bwawani, siku ya pili wameshautoa wengine. Mwanamke analoweka, askari anaopoa.

Ndipo Zozefina akafanya akili ya vita. Alimenya, akatumbukiza muhogo ndani ya pipa jikoni kwake, akautoa asubuhi kabla ya mwizi kuamka, akauanika juu ya bati, akautwanga. Ulitoka mweupe kama pamba, bila harufu. Siku ile alisimama mbele ya ungo wake akajisifu mwenyewe kwa sauti. Wengine walilala njaa. Nyumba ya Zozefina haikulala njaa. Bugari, ugali wa muhogo, asubuhi, bugari jioni, na sombe ya majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Samaki watu waliwakataa, kwa sababu mto ulikuwa umebeba maiti, na nani angejua samaki amekula nini. Kikipatikana kipande cha nyama ya msituni, kiliwekwa kwenye sahani ya Amuri, ndiye baba. Mtoto alichovya mchuzi. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na vita haikuivunja.

Asubuhi moja Bienfait, mtoto wa kukimbiza tairi, aliondoka kitandani kwenda kukojoa akaanguka. Akainuka, akaanguka. Miguu ilikuwa imekaza kama mtu aliyefungwa kamba na asiyeonekana. Hospitali haikuwa na dawa wala jibu. Gisèle alimbeba mpaka chumba kimoja cha maombi, na nabii wa chumba kile akaja na watu wake, akauzunguka uwanja akiimba, akasimama mbele ya kinu, akatia mkono ndani mpaka begani.

"Miguu ya mtoto huyu," akasema, "imetwangwa humu."

Watu wakamtazama Zozefina. Gisèle, yule mwenye sauti ndogo, akapata sauti ambayo hakuna aliyeijua. "Mama mukwe, nirudishie miguu ya mutoto wangu! Wote tunakula chungu kimoja, kwa nini yeye peke yake? Nirudishie!"

Zozefina alikuwa na mchi mkononi. Hakuapa, hakulia, hakukana. Aliuinua mchi akaendelea kutwanga, tena kwa nguvu, na hilo ndilo lililomtia hatiani. Njia ya reli ilipofunguka, Gisèle aliondoka na mtoto mgongoni, Amuri akamfuata mkewe. Amuri alifia huko Kibombo, na habari ilimfikia mama yake kwa mdomo wa mtu wa treni aliyedhani anajua tayari.

Majirani walimshauri akichome kinu. Akakitoa jikoni akakiweka mlangoni, kila apitaye akione. Na muhogo akaendelea kuuloweka usiku mmoja, hata amani iliporudi, hata bwawa lilipokosa wezi. Nani angeacha unga mweupe kama ule? Kuuacha kungekuwa kukiri.

*

Jua lilipokuwa linashuka, Mamy alikuja na beseni. Mamy alikuwa mmoja wa wale waliokimbia vita, mwanamke mwembamba, na nyuma yake binti yake aliyeruka kwa mguu mmoja akicheza peke yake kwenye mistari ya ufagio.

"Koko, unga iko?"

Zozefina alitazama dirisha. Karatasi ndani ya kichupa: manjano? Ilikuwa manjano bado. Au ilikuwa imeanza kuwa kama embe bivu? Macho ya kizee, na jua lenyewe jekundu.

"Iko," akasema. Akampimia, akamwongezea na konzi moja juu, kwa hasira dhidi ya mtu asiyekuwapo.

Mtoto aliondoka akiruka kwa mguu mmoja mpaka barabarani. Zozefina aliifuata miguu ile kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona, kisha akaenda kukivika kichupa kitambaa, asikione.

*

Siku ya pili Bienfait na Sandrine walirudi, Salima naye akavuka ua bila kualikwa. Vichupa viwili, cha dirishani na cha Salima walichokileta, vilifunguliwa juu ya kiti. Sandrine alikuwa na kadi ya rangi, imepangwa kutoka manjano kwenda kahawia, kama ngozi za watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali.

Karatasi ya Salima, yule wa bwawa: manjano ya kifaranga.

Karatasi ya Zozefina: kahawia. Chai ya rangi.

Salima alifungua mdomo, akamtazama yaya wake, akaufunga. Na hilo Zozefina hakumsamehe siku ile, angependa acheke.

"Karatasi yako imelala vibaya," akamwambia Sandrine.

"Tulifanya tatu za unga yako, koko. Ile ya dirishani, na mbili tulizobaki nazo. Zote sawa."

"Basi nijibu. Unga hii nimeuza tangu vita ile ya kwanza. Watu wa Mikelenge mbona wanatembea? Walimu wanakula, mapadri wanakula. Wanacheza mupira! Na sisi wenyewe, chungu kimoja, watu wanne, mbona alianguka mumoja?"

Lilikuwa swali la Gisèle lile lile, na alipolisikia likitoka mdomoni mwake mwenyewe, alishtuka kidogo.

Sandrine aliketi kwenye ukingo wa kinu bila kuomba ruhusa. "Muhogo muchungu iko na sumu, koko, njo maana nguruwe wa msitu anauacha. Ukilala majini siku tatu, unavunda, sumu inatoka. Ukiutoa asubuhi, sumu inabaki ndani, unaitwanga pamoja na unga. Sasa, muntu mwenye kula samaki, maharagwe, nyama, mwili wake unapata kitu cha kuishinda hiyo sumu, anaikojoa, inakwisha. Wale mapadri wako wanakula samaki. Lakini muntu mwenye kula bugari na sombe peke yake, mwezi na mwezi, mwili unashindwa. Na wa kwanza kushindwa ni mutoto, na mama. Wayaka wa Kwango, kule magharibi ya Kongo, wanauita ugonjwa huo konzo. Umeonekana Msumbiji kwenye ukame, umeonekana Tanzania. Mahali kote ni hivyo: vita ao njaa inakuya, watu wanauharakisha muhogo majini, watoto wanaanguka. Watafiti walizunguka huko kote na vichupa, wakilinganisha unga na miguu, mpaka wakajua."

Zozefina hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anaitazama sahani. Haikuwapo pale uwanjani, lakini aliiona: sahani ya bati, kipande cha nyama ya tumbili, na mkono wake mwenyewe ukikisogeza kuelekea kwa Amuri. Upande wa pili, kidole kidogo kikizunguka ndani ya mchuzi.

"Yule nabii," akasema polepole, "alitia mukono ndani ya kinu yangu."

"Ndiyo, koko," akasema Bienfait.

"Alisema kweli ya kinu. Akasema uongo ya moyo."

Bienfait alihamisha uzito kutoka kijiti hiki kwenda kijiti kile. Alikuwa amejua jambo hili tangu watafiti walipomkuta Kibombo akishona viatu, wakamgonga magoti kwa kinyundo na kumuuliza alikula nini vita ilipokuwa. Alikuja Kindu amelibeba, akakosa namna ya kulitua mbele ya nyanya yake, akaiachia karatasi iliseme.

"Ulijua," Zozefina akamwambia.

"Nilijua."

"Na ukaniacha niweke masharti kama mupumbavu."

"Nani amewahi kukuzuia, koko?"

Salima sasa akacheka, na Zozefina naye karibu acheke, ndipo akamkumbuka mtoto aliyeruka kwa mguu mmoja. Akashika beseni tupu.

"Mamy," akasema. "Jana jioni nilimuuzia Mamy." Na kabla ya mtu kumuuliza Mamy ni nani, alikuwa ameshafika barabarani, akimpigia Salima kelele amletee mchele wake.

*

Hajawahi mtu kumwona Zozefina akikimbia, na siku ile pia hakukimbia, lakini Sandrine alipumua kwa mdomo kumfuata, na vijiti vya Bienfait vilibaki nyuma vikipiga kokoto za reli. Alipita gare, akapita mabehewa mabovu yaliyoota nyasi, akaingia kwenye uwanja wa mabohari kati ya moshi wa majiko. Mamy alikuwa amechuchumaa, chungu kati ya nyayo zake, anasonga bugari. Binti yake alikuwa na sahani tayari magotini.

"Shusha," akasema Zozefina.

"Koko?"

"Shusha, usimupe."

Mamy alidhani amesikia vibaya, akaendelea kusonga. Zozefina akainama, akakamata chungu kwa kitenge chake, akakipindua. Bugari lote likaanguka majivuni, jeupe kama jino.

Mama mmoja alipiga yowe. Kwenye uwanja ule hata ukoko uligawanywa. Kumwaga chakula mbele ya mtoto mwenye njaa ni jambo ambalo hata jambazi halifanyi. Wanawake walisimama kila upande na miko mikononi.

"Umeniuzia, sasa unamwaga!" Mamy alilia. "Tulikukosea nini? Mulozi! Muzee mulozi!"

Neno lile. Zozefina alilisikia likishuka mahali pake pa zamani, na mgongo wake ukanyooka wenyewe. Zamani angeinua mchi. Sasa hakuwa na mchi. Alikuwa na beseni tupu na pumzi inayokatika.

"Tazameni," akasema, akamwonyesha Bienfait aliyekuwa anafika, jasho likimtiririka, miguu ikichora mistari miwili mavumbini. "Huyu ni mujukuu wangu. Alikuwa anakimbiza tairi. Unga yangu njo ilimufanya hivi. Hii hii, nyeupe, isiyo na harufu, ambayo munaisifu. Watoto wenu wawili walioanguka, sijui kama ni unga yangu ao ya mwingine, lakini yangu imepimwa, iko na sumu. Mulozi hapana. Mulozi angekuya kuwaambia? Sasa mwenye unga yangu aitoe hapa. Yote! Na musinitazame hivyo, mimi si picha."

Mama mmoja akaingia ndani ya bohari akatoka na kifuko. Mwingine akafuata. Wengine hawakutoa kitu. Walimtazama tu, na mmoja akatema mate chini. Zozefina aliyaona mate akayaruka.

"Na tukule nini?" Mamy akauliza. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko hasira.

"Mtoto atakula mchele. Nina mchele wa Kibombo nyumbani, Salima anauleta, namsikia nyuma na ndara zake. Na hii unga haitupwi. Wewe wa labo, onyesha."

Sandrine akapiga magoti. Akamwaga unga ndani ya beseni, akaulaza sawasawa, akakwaruza alama ndani ya beseni kwa kisu, pale unga ulipofikia. Akatia maji, akachanganya. Unga ukashuka, akaongeza maji, ukapanda tena polepole mpaka kwenye alama. Hapo akaacha. Kisha akatafuta kitu cha kuutandaza, na Zozefina, bila kuulizwa, akafungua kitenge chake cha juu akakitandika chini. Wakautandaza unga mbichi wote, mwembamba kama ukucha.

"Sasa tunaachia jua," akasema Sandrine. "Jua kama hili, muda wa saa mbili. Kwa kivuli, saa tano. Maji yanaiamsha sumu, inakuwa hewa, inaondoka. Halafu unapika siku ile ile."

"Hivyo tu?" akauliza Mamy. "Maji na jua?"

"Hivyo tu. Ilichukua watu miaka mingi kujua kwamba ni hivyo tu."

"Inakwenda wapi?"

"Juu. Inapotea."

Wanawake wote wakatazama juu, kama wanaoweza kuiona. Zozefina akanyoosha mkono kuugusa unga.

"Bado, koko," akasema Sandrine.

Akaurudisha mkono. Tangu azaliwe hakuna aliyemwambia Zozefina bado juu ya unga. Aliketi juu ya chuma cha reli, akasimama, akafukuza kuku, akaketi. Alimuuliza Mamy jina la mtoto, Mamy akamgeuzia mgongo. Akasimama tena. Bienfait alikuwa amekaa pembeni, vijiti vimelazwa, simu mkononi.

"Koko, nampigia mama."

"Piga, simu si yako?"

Ikalia huko, ikapokelewa. Bienfait akasema maneno mawili, matatu, kisha akamnyooshea nyanya yake. Zozefina aliishika mbali na uso, kama kaa la moto.

"Gisèle."

Upande ule: "Mama."

"Karatasi haikubaki manjano. Bienfait atakueleza. Ni unga. Unga yangu, kinu yangu, mikono yangu. Lakini ulozi, hapana. Umesikia? Ulozi hapana."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kicheko. Alikuwa na jibu la kila kimoja; alikuwa ameyatwanga majibu hayo muda mrefu.

"Mimi njo nilikuwa namsongea," Gisèle akasema. Ilikuwa ile sauti ndogo ya zamani. "Asubuhi na jioni. Wewe ulitwanga, mimi nikamlisha kwa mukono wangu. Akikataa, nilimupiga."

Zozefina alitazama unga, akatazama miguu ya mjukuu wake iliyonyooshwa kwenye mavumbi.

"Basi kuya," akasema mwishowe, kwa ukali, kama anayemwita mtu aliyechelewa kazini. "Kuya uone vile inafanywa sasa. Siwezi kueleza kwa simu. Kuya."

Akamrudishia Bienfait simu kabla ya kusikia jibu. Kivuli cha behewa bovu kilikuwa kimeanza kutambaa uwanjani, kimefika pembe ya kitenge. Zozefina akashika pembe mbili. Akangoja, ameinama, bila kumtazama mtu. Baada ya kitambo Mamy akaja akashika pembe mbili za upande wa pili, wakauvuta unga polepole kwenye jua.